Pikipiki ya lami au ya milima? Hesabu ya msafirishaji wa mwambao wa Rumonge

RUMONGE – Barabara ya taifa namba 3 inatoka Bujumbura na kufuata ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ikipita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago hadi Rumonge, kisha Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina. Katika barabara hiyo pikipiki ni chombo cha kazi kama mtumbwi ulivyo kwa mvuvi. Asubuhi inabeba ndagala na mukeke, mchana abiria, jioni madumu ya mawese. Anayeinunua mara nyingi anakopa au anatumia akiba ya miaka kadhaa, na akikosea katika kuchagua, kosa hilo analilipa kila mwezi mpaka deni liishe.

Swali linalowasumbua wengi ni moja. Je, inatosha kununua pikipiki ya kazi ya kawaida, kama Bajaj Boxer au TVS HLX? Au ni heri kuongeza fedha na kupata pikipiki ya silinda moja ya njia zote, yenye miguu mirefu na tairi kubwa la mbele, mfano wa Honda XR150L au Yamaha XTZ125, inayoweza kukimbia kwenye lami na vilevile kupanda mlimani kwenye udongo?

Kwa mtazamaji wa haraka jibu ni rahisi: chukua inayoweza yote mawili. Lakini mfanyabiashara halipwi kwa kile ambacho pikipiki yake inaweza kufanya. Analipwa kwa safari alizokamilisha, akishaondoa petroli, matairi, vipuri na siku ambazo chombo kilisimama. Hesabu hiyo ikifanywa vizuri, majibu huwa tofauti na yale ya dukani.

Ukanda mwembamba kati ya maji na mlima

Tarafa ya Muhuta ni mfano mzuri wa tatizo lenyewe. Ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rumonge ulioundwa mwaka 2015, kabla ya mageuzi ya mipaka ya utawala ya 2025. Chini kuna ziwa, lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Juu yake kuna miteremko ya Mumirwa inayopanda kuelekea kilele cha milima kwenye mita 2,000 na zaidi. Kati ya hivyo viwili kuna ukanda mwembamba wa lami, na karibu biashara yote inapita hapo.

Kwa hiyo mwendesha pikipiki wa huku ana barabara za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni lami ya kandokando ya ziwa, tambarare kwa sehemu kubwa, yenye mashimo ya hapa na pale, watoto wa shule na malori. Ya pili ni njia za udongo mwekundu zinazopanda vilimani kwenye mihogo, ndizi na michikichi. Huko juu kilomita 5 zinaweza kuchukua muda sawa na kilomita 30 za chini.

Na hata lami si ya kutegemewa kila siku. Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliikumba Gitaza, ndani ya Muhuta, na barabara ikazibwa na mawe na matope. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana yakaingia kwenye makazi na maeneo ya biashara ya ufukweni, Rumonge ikiwamo. Ndiyo maana wengi hufikiri kwamba pikipiki ya milima ni kinga.

Kwa upande mwingine mwelekeo wa miaka hii ni lami kuongezeka. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mmoja wenye vipande viwili: Rumonge hadi Gitaza kwa upande wa Burundi, kilomita 45, na Kabingo hadi Manyovu kupitia Kasulu kwa upande wa Tanzania, kilomita 260. Anayenunua pikipiki ya kutumia miaka mitano anapaswa kukumbuka kuwa njia zinabadilika kwa kuelekea upande huo.

Pikipiki ya njia zote ni ipi hasa?

Jina lisimdanganye mnunuzi. Pikipiki hizi ni za silinda moja, mara nyingi zinapozwa kwa hewa, na injini zake hazitofautiani sana na zile za pikipiki za kazi. Honda XR150L ina injini ya sentimita za ujazo 149, gia tano, kiki na stata, na breki ya diski mbele. Nguvu yake ni karibu farasi 12. Boxer BM150 ina injini ya sentimita 144.8, nayo nguvu yake iko hapo hapo. Kwa hiyo anayelipa zaidi hapati nguvu zaidi.

Tofauti iko kwenye miguu. Rimu ya mbele ya XR150L ni inchi 19 na ya nyuma 17. Ile ya mbele ya XTZ125 ni inchi 21 na ya nyuma 18. Boxer ina inchi 17 mbele na nyuma. Rimu kubwa hupita juu ya jiwe au shimo ambalo rimu ndogo hujikwaa. Shokapu za mbele zina nafasi ndefu ya kushuka na kupanda. Nyuma kuna shokapu moja katikati badala ya mbili za pembeni. Kiti kiko juu, milimita 825 kwenye XR150L na karibu 840 kwenye XTZ125.

Kila sifa kati ya hizi ni faida mlimani na ni gharama barabarani. Kiti cha juu humpa dereva mtazamo mzuri na huinua injini mbali na mawe. Lakini dereva mfupi mwenye abiria na mzigo, akilazimika kusimama ghafla kwenye mwinuko, mguu wake haufiki chini vizuri. Pikipiki tupu inaweza kushikiliwa kwa ncha za vidole. Yenye mzigo wa kilo 60 nyuma, ikianza kulala, haizuiliki.

Wengi walizijua pikipiki hizi kupitia mashirika ya misaada, wauguzi na maofisa wa kilimo. Kwa miongo mingi Yamaha DT125 na AG100 zimeonekana kote Afrika Mashariki zikifika ambako gari halifiki. Hizo zilikuwa za injini ya mipigo miwili, zinazokula oili pamoja na petroli. Sifa yake ya ugumu ni ya kweli. Lakini mwenye shirika hakuwa akitafuta faida kwa kila kilomita, na vipuri vyake viliagizwa na ofisi. Mfanyabiashara hana ofisi hiyo.

Kilomita zinazolipa deni

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mmoja anaweza kuubadilisha kwa takwimu zake. Dereva anafanya kazi siku 25 kwa mwezi, kilomita 120 kwa siku. Hizo ni kilomita 3,000. Kati ya hizo, tuseme kilomita 100 kwa siku ni za lami na 20 ni za udongo.

Pikipiki ikienda kilomita 45 kwa lita, itatumia lita 67 kwa mwezi. Ikienda kilomita 35 kwa lita, kwa sababu ya matairi ya meno, mwili mrefu unaokamata upepo na gia fupi, itatumia lita 86. Tofauti ni lita 19, yaani zaidi ya tangi moja na nusu kila mwezi. Kwa mwaka ni lita 228.

Kwingineko lita hizo ni fedha tu. Burundi ni fedha na muda. Uhaba wa mafuta umerudi mara kwa mara tangu 2021, na mwaka 2024 ulikuwa mkali kiasi cha watu kukesha kwenye foleni. Pale ambapo lita moja inaweza kugharimu nusu siku ya kusubiri, pikipiki inayokwenda mbali kwa lita moja inampa mwenyewe siku zaidi za kazi. Kwa hiyo matumizi ya petroli yanapaswa kuwa swali la kwanza, si la tatu, kwa mnunuzi wa mwambao huu.

Hapa ndipo pikipiki kubwa za silinda moja zinapotoka kwenye orodha. Wasafiri wa kigeni wanaovuka bara wanapenda mashine kama Suzuki DR650 na Kawasaki KLR650. Katika nchi zenye barabara ndefu na mafuta kila kona, hizo ndizo zinazosifiwa kwa mtu anayekaa zaidi kwenye lami na kuingia porini mara chache. KLR650 ina tangi la lita 23, nayo inapozwa kwa maji. DR650 kiti chake kiko milimita 885 juu. Ni mashine nzuri kwa kazi yake. Lakini kwa kilomita 20 kwa lita, mfano wetu ungekula lita 150 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya pikipiki ya kazi, na rejeta ikitobolewa na jiwe juu ya Muhuta hakuna duka la jirani lenye nyingine.

Kasi nayo isiwe kishawishi. Barabara namba 3 inapita katikati ya vijiji na masoko. Mwendo wa busara ni kilomita 50 hadi 70 kwa saa, na hapo injini ya 150 inatembea bila kulia. Injini ya 125 inafika pia, ila ikiwa na abiria na mzigo hulazimika kuzunguka sana, na mtetemo wa silinda moja humchosha dereva na kulegeza nati. Kwa anayekwenda Bujumbura na kurudi kila siku, 150 inatosha na 125 iko ukingoni.

Mlimani hesabu inageuka kidogo. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kutoka ziwani hadi mita 2,000, injini isiyo na msaada wa ziada hupoteza takribani asilimia 11 ya nguvu. Ukilinganisha na nguvu iliyoandikwa na kiwanda, ambayo hupimwa kwa hali ya usawa wa bahari, upungufu huko juu unakaribia moja ya tano. Pikipiki ya farasi 12 inabaki na kama 10. Hili halimchagui Honda wala Bajaj, linawagusa wote. Dawa yake ni uwiano wa gia.

Mzigo uko nyuma, si mbele

Dumu la lita 20 la mawese lina mafuta ya karibu kilo 18. Madumu manne ni kilo 73 na zaidi, kabla ya uzito wa madumu yenyewe. Gunia la ndagala wakavu ni jepesi lakini ni pana, na upepo wa ziwani hulisukuma.

Pikipiki ya kazi imeundwa kwa mzigo huo. Keria yake imeungwa kwenye fremu, shokapu mbili za nyuma zimesimama karibu chini ya mzigo, na zikichoka hubadilishwa kwa bei ndogo na fundi yeyote. Pikipiki ya njia zote ya kawaida ina mkia mwembamba uliotengenezwa kubeba mtu mmoja na begi. Ukiifungia keria ya chuma na madumu manne, uzito unakaa nyuma ya ekseli. Ikipanda mlima tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unapoteza mamlaka, na kule ambako mnunuzi alitegemea faida ndiko anakopata hasara. Shokapu moja ya katikati nayo ikipasuka oili, bei yake ni kubwa na kuipata ni kazi.

Si pikipiki zote za udongo zina udhaifu huu. Yamaha AG200, iliyotengenezwa kwa ajili ya wafugaji, ina keria mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote dhidi ya tope, na breki za dramu ambazo hazijali vumbi. Ni ushahidi kwamba kinachohitajika shambani ni vitu vya kawaida vilivyo imara zaidi ya urefu wa miguu. Mnunuzi anaweza kuchukua somo hilo bila kununua pikipiki yenyewe: kifuniko kizima cha mnyororo, keria iliyoungwa vizuri, na bamba la chuma chini ya injini.

Siku za tope na siku za kusubiri kipuri

Kiini cha uamuzi kinaweza kuwekwa kwenye mizani yenye pande mbili. Upande mmoja ni siku ambazo pikipiki ya kawaida itashindwa kupanda kwa sababu ya tope. Upande wa pili ni siku ambazo pikipiki ya njia zote itasimama ikisubiri kipuri.

Mnyororo na sproketi, plagi, kebo ya klachi, breki, tairi la inchi 17 au 18 na mpira wa ndani wa Boxer au TVS hupatikana karibu kila soko lenye waendesha taksi-moto. Kuna sababu ya kiuchumi: duka huweka kile kinachouzwa kila siku. Tairi la inchi 21 haliuzwi kila siku, kwa hiyo mwenye duka haliweki. Mwenye XTZ125 akipasukiwa tairi la mbele hawezi kuazima la jirani.

Suala la fedha linaongeza uzito. Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani rasmi, kutoka karibu 2,090 kwa dola moja hadi karibu 2,800, na bei ya mtaani ilikuwa juu zaidi ya hapo. Kipuri chochote kinachoagizwa kutoka nje kilipanda. Lakini kile kinacholetwa kwa wingi na waagizaji wengi kina ushindani wa bei, na kile kinacholetwa kwa oda ya mtu mmoja hakina.

Tuseme pikipiki ya njia zote inasimama siku 3 kwa mwezi kwa wastani kwa sababu ya vipuri, na ile ya kawaida siku 1. Tofauti ni siku 2, ambazo ni asilimia 8 ya siku 25 za kazi. Ili ile ya kwanza ishinde, lazima iokoe zaidi ya siku 2 za tope kila mwezi, na pia ilipe lita zake 19 za ziada na bei yake kubwa ya kununua. Kwa mtu ambaye soko lake liko kwenye lami, hilo haliwezekani. Kwa mtu ambaye mzigo wake unatoka juu kila siku, linawezekana kabisa.

Kalenda ya ziwa

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni majira.

Mvua katika ukanda huu hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Wakati wa mvua njia za udongo ni mbaya. Kiangazi huwa ngumu na zenye vumbi, na pikipiki ya kawaida yenye matairi mazuri hupanda bila shida kubwa.

Nchi nne zinazozunguka ziwa, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilikubaliana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kwa mwaka. Tanzania ilitekeleza kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Panapofungwa uvuvi, mfanyabiashara wa samaki hulazimika kutafuta mzigo mwingine, na mzigo huo uko mlimani: mihogo, ndizi, maharage, mawese. Hiyo ndiyo miezi ambayo njia za mlimani zimekauka.

Kwa maneno mengine, kalenda inamsaidia mwenye pikipiki ya lami. Wakati wa tope ana samaki barabarani, na wakati samaki hakuna, tope nalo halipo. Atakayenunua pikipiki ya milima kwa ajili ya kazi ya kiangazi atakuwa amelipia uwezo asiouhitaji wakati huo.

Kuna pia mzunguko wa kila mwezi. Uvuvi wa ndagala hutegemea taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Mwenye busara huzitumia siku hizo kwa matengenezo: oili, mnyororo, breki, spoku. Kipuri kiagizwe kabla ya mwezi kujaa, ili pikipiki isimame wakati ziwa limesimama. Kwa njia hiyo siku za kusubiri kipuri hupungua bila kuongeza faranga hata moja.

Mpaka, karatasi na minada

Wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma wana mambo mengine ya kuangalia. Burundi magari hupita kulia, Tanzania kushoto. Dereva anapaswa kubadili upande pale pale mpakani, na taa ya mbele iliyoelekezwa vibaya humpofusha anayekuja. Bima ya ndani ya nchi moja haitoshi upande wa pili, na Kadi ya Njano ya COMESA inatumika katika nchi zote mbili, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Chombo kinachoingia kwa muda kinahitaji kibali cha forodha, hata kama ni pikipiki.

Baadhi ya watu hununua pikipiki Kigoma wakiamini kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta kodi. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na iko ndani ya umoja wa forodha tangu 2009, lakini msamaha unahusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Pikipiki iliyotengenezwa India, Japani au China haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa sababu imelala dukani Kigoma. Mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, itadai chake, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Anayelinganisha bei za Kigoma na Bujumbura alinganishe zikiwa na kodi zote.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa pikipiki za milima zinazouzwa kwenye minada ya mashirika. Nyingi ziliingia kwa msamaha wa kodi. Chini ya sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya 2004, kitu kilichosamehewa kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Bei ya mnada inaweza kuonekana ya kutupwa, kumbe deni la forodha limebaki ndani yake. Karatasi ya malipo ya kodi iombwe kabla fedha hazijatoka mkononi.

Kuhusu Bujumbura yenyewe, Machi 2022 mamlaka zilipiga marufuku taksi-moto, bajaji na baiskeli kuingia maeneo ya katikati ya mji. Msafirishaji kutoka Muhuta apange mahali pa kushushia mzigo pembezoni, na aulize utaratibu ulivyo kabla ya kumwahidi mteja. Kilomita ambazo pikipiki haiwezi kuzifanya kisheria zisiingizwe kwenye hesabu ya kulipa mkopo.

Namna ya kuamua

Kabla ya kwenda dukani, msafirishaji ahesabu safari zake kwa wiki mbili. Aandike kila siku kilomita za lami, kilomita za udongo, uzito aliobeba, na safari alizokataa kwa sababu ya njia mbaya. Anayekodi pikipiki ya mtu anaweza kufanya hivyo kwa kazi anayoifanya sasa. Karatasi hiyo itamwambia mengi kuliko muuzaji.

Kama kilomita za lami ni robo tatu au zaidi, na safari zilizokataliwa ni chache, achukue pikipiki ya kazi ya 150 na aiandae kwa ajili ya zile chache mbaya. Maandalizi yenyewe si ya gharama kubwa. Nyuma awekewe tairi lenye meno ya wastani, linaloshika udongo bila kuunguruma na kulika haraka kwenye lami. Sproketi ya mbele ya jino moja pungufu, mfano 14 badala ya 15, huongeza mvuto mlimani kwa takribani asilimia 7, na injini huzunguka haraka zaidi kwa kiwango hicho hicho kwenye lami. Anayepanda kila siku aiweke. Anayepanda mara moja kwa wiki aiache ya kiwandani na apunguze mzigo siku hiyo.

Kama udongo ni theluthi moja hadi nusu, na mzigo ni mwepesi, kama dawa, simu, barua au abiria mmoja, pikipiki ya njia zote ya 125 hadi 150 inaanza kujilipa. Hapo ile yenye rimu ya mbele ya inchi 19 ni chaguo salama kuliko ya 21, kwa sababu inatulia zaidi kwenye kona za lami na kiti chake ni cha chini kidogo. Mnunuzi aweke stoo ndogo nyumbani tangu siku ya kwanza: tairi moja la mbele, mipira ya ndani miwili, kebo ya klachi na seti ya mnyororo. Gharama ya stoo hiyo iingizwe kwenye bei ya kununulia, kwa sababu bila hiyo pikipiki haijakamilika.

Kama mzigo ni mzito na unatoka juu kila siku, pikipiki yoyote ya silinda moja inaombwa kufanya kazi isiyo yake. Wafanyabiashara watatu wakikusanya mzigo wao na kukodi gari dogo mara mbili kwa wiki, kisha pikipiki zikasambaza kutoka barabarani, mara nyingi gharama kwa kilo inakuwa ndogo, na wala hakuna anayevunjika mguu kwenye mteremko.

Kwa wasafirishaji wengi wa kati ya Kabezi na Nyanza-Lac, kundi la kwanza ndilo lao. Kazi yao iko kwenye lami, na lami hiyo ndiyo inayolipa deni. Pikipiki ya milima ni nzuri kuitazama na inafaa kwa wachache wenye kazi yake. Kwa waliobaki, fedha ya ziada ambayo ingeingia kwenye miguu mirefu ina mahali pazuri zaidi: matairi mapya kabla ya mvua za Oktoba, breki nzima, na akiba ya mwezi mmoja wa marejesho kwa ajili ya siku ambayo barabara ya Gitaza itafungwa tena.